Tangi la ukubwa gani na chujio la aina gani linawafaa samaki wa dhahabu wawili katika joto la Dar es Salaam?

Mama wa Tabata

Habari zenu wanajukwaa. Mdogo wangu amehamishiwa Dodoma kikazi, na kwa kuwa hakuweza kusafiri nao, ametuachia samaki wa dhahabu wawili ambao wanangu wamekwisha kuwapa majina, kwa hiyo suala la kuwagawa halipo tena. Mmoja ni mwembamba, ana mkia mmoja, na mwili wake una urefu wa sentimita 8 hivi ukiacha mkia. Mwingine ni wa mviringo, tumbo limejaa, na mkia wake umegawanyika mara mbili. Mpaka sasa wanaishi katika bakuli la kioo la lita 10, lisilo na chujio wala pampu ya hewa, na maji hubadilishwa yote kila yanapoanza kutoa harufu.

Ninataka kuwapatia makazi ya kudumu, nami nimepata machaguo mawili. Duka moja linauza tangi la kiwandani lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 36, likiwa na kifuniko, taa na chujio dogo lililojengwa ndani ya kifuniko hicho. Kwa bei inayokaribiana na hiyo, fundi wa vioo wa mtaani kwetu yuko tayari kunitengenezea tangi tupu la sentimita 100 kwa 40 kwa 45, ila chujio nitajitafutia mwenyewe. Muuzaji wa dukani anasema la kwanza linatosha kabisa, kwa sababu samaki hukua kulingana na tangi alimowekwa.

Tunaishi ghorofa ya pili. Maji ni ya bomba, huingia kwenye simtanki na kukaa humo siku moja au mbili kabla hatujayatumia. Umeme hukatika mara kwa mara, na miezi ya joto maji ya bakuli hufika nyuzi 30 za Selsiasi ifikapo jioni. Naomba mnishauri nichukue tangi lipi, na kwa mazingira haya ninunue chujio la aina gani.

Mwani

Dada, kabla ya kulinganisha matangi, watazame kwanza samaki wenyewe, kwa maana hao wawili ni wa asili moja lakini mahitaji yao hayafanani. Yule mwenye mkia mmoja ni mwogeleaji wa kasi ambaye, akitunzwa vizuri, hufika sentimita 25 na hata 30. Yule wa mviringo huishia kati ya sentimita 15 na 20, na mwendo wake ni wa taratibu. Wote wawili kwa kawaida huishi miaka 10 hadi 15, na wapo waliopita hapo mbali sana: samaki wa dhahabu aliyeitwa Tish, wa huko Uingereza, alipatikana mwaka 1956 na kufa mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka 43. Kwa hiyo usinunue tangi kwa kupima samaki unaowaona leo.

Maneno ya muuzaji yana chembe ya ukweli iliyopindishwa. Ni kweli kwamba samaki aliyebanwa katika maji machache na machafu huchelewa kukua, lakini hiyo ni dalili ya kudhoofika. Ni sawa na kumwona mtoto aliyedumaa kwa utapiamlo ukasema kwamba mwili wake umejipima na chakula kilichopo nyumbani.

Tatizo kubwa la tangi dogo si nafasi ya kugeuka, ni amonia. Samaki wa dhahabu hana tumbo halisi la kuhifadhi chakula, hivyo hula mara kwa mara na kuchafua maji kuliko samaki wengi wa urembo wenye ukubwa kama wake, na sehemu kubwa ya taka yake hutoka kupitia mashavu ikiwa amonia isiyoonekana kwa macho. Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba wawili hao wanatoa miligramu 60 za amonia kwa siku. Katika bakuli la lita 10 hiyo ni miligramu 6 kwa kila lita, kiwango cha kuua. Katika lita 150 taka ileile ni miligramu 0.4 kwa lita, ambayo bado si nzuri, lakini inakupa muda wa kuchukua hatua kabla mambo hayajaharibika. Wala usisubiri harufu ndipo ubadilishe maji, kwa sababu maji yanaweza kuwa angavu, hayanuki kitu, na mashavu ya samaki yakawa yanaungua.

Sasa tuyapime matangi yako. Ukizidisha vipimo vitatu kwa sentimita na kugawanya kwa 1,000, unapata lita. La dukani ni lita 65 kwa vipimo vya nje, na ukitoa unene wa kioo, kokoto na nafasi ya juu, hubaki lita 50 na ushei. La fundi ni lita 180, na likijazwa mpaka sentimita 40 linabaki na takriban lita 150 za maji. Kanuni wanayoitumia wafugaji wengi kwa samaki wa mviringo ni lita 75 kwa wa kwanza na lita 40 kwa kila anayeongezeka, yaani lita 115 kwa wawili. Tangi la dukani halifiki hata nusu ya hapo, na hatujamhesabia yule mwembamba urefu wa kukimbia anaouhitaji.

Joto lenu linaongeza uzito wa hoja hiyo. Maji yenye nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hushika miligramu 7 na nusu tu, ilhali samaki mwenye joto huhitaji hewa zaidi. Oksijeni huingia kwa kupitia uso wa maji, kwa hiyo tangi pana lina faida kuliko lenye kimo. Uso wa tangi la fundi ni sentimita za mraba 4,000; la dukani ni 1,800, tena limefunikwa kwa kifuniko kinachozuia joto kutoka. Kwa maoni yangu, chukua la fundi, na ujue mapema kwamba yule mwembamba, akipita sentimita 15, atahitaji makazi makubwa kuliko hilo.

Fundi Vioo

Nakubaliana na Mwani kuhusu tangi, ila naomba niongeze yanayohusu ujenzi wake, kwa kuwa tangi la lita 180 likipasuka sebuleni hasara yake haiishii kwa samaki.

Kwa urefu wa sentimita 100 na kimo cha 45, usikubali kioo cha milimita 5 au 6, hata kama fundi atakuapia kwamba madirisha yote ya mtaa mzima ameyafanya kwa kioo hicho. Omba milimita 8 pamoja na mikanda ya kioo ya kukaza upande wa juu, au milimita 10 ikiwa hutaki mikanda. Muulize pia ni silikoni gani anayotumia. Silikoni ya kawaida ya vioo hutoa harufu kali ya siki inapokauka, na ikishakauka kabisa haina madhara. Silikoni ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu haifai kabisa, kwa kuwa dawa hiyo huvuja ndani ya maji. Tangi likikamilika liache wiki moja, kisha lijaze maji likiwa nje au bafuni, ulitazame kwa siku mbili, ndipo ulipandishe sebuleni.

Kuhusu uzito, lita moja ya maji ni kilo moja. Maji kilo 150, kioo cha milimita 8 kwa vipimo hivyo kilo 33 hivi, ongeza kokoto na meza yenyewe, unapita kilo 200. Ghorofa iliyojengwa kwa zege itabeba, lakini tangi liweke karibu na ukuta unaobeba jengo badala ya katikati ya chumba, na meza iwe imenyooka kwa pima maji. Chini ya tangi tandika foma nyembamba, kwa sababu chembe moja ya mchanga iliyobanwa kati ya mbao na kioo inatosha kuanzisha ufa.

Usiagize kifuniko cha kioo. Wavu wa kawaida wa dirisha uliofungwa kwenye fremu ya aluminiamu unamzuia samaki asiruke na unaacha joto litoke. Feni ndogo ikielekezwa juu ya maji hushusha joto kwa nyuzi 2 au 3 kutokana na mvuke unaopaa, ila utalazimika kuongeza maji mara kwa mara.

Nyanda za Juu

Mimi nafuga Iringa, ambako tatizo letu si joto, lakini kukatika kwa umeme tunakufahamu vizuri. Nina hoja moja ya kutofautiana na Mwani: tangi la lita 65 si la kutupwa. Kwa samaki mmoja wa mviringo aliye mchanga, na kwa mtu anayebadilisha nusu ya maji kila wiki bila kukosa, linaweza kufanya kazi kwa mwaka mmoja. Lakini muuzaji haelezi sharti hilo, na kwa samaki wawili wa aina mlizozitaja hata mimi nisingelinunua.

Nimeona hakuna aliyegusa chujio, wakati hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Watu hununua chujio kwa kudhani kazi yake ni kuyafanya maji yawe meupe. Kazi yake kubwa ni kuwapa makazi bakteria. Kundi moja la bakteria hubadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu kubeba oksijeni. Kundi la pili hubadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na wewe huipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huishi wameng'ang'ania kwenye sponji, kokoto na kuta, wala si kwa wingi katika maji yenyewe, nao wanahitaji mambo matatu: nafasi ya kushika, maji yanayopita, na oksijeni isiyokatika. Chujio lolote lipime kwa mambo hayo matatu.

Chujio la kwenye kifuniko kile cha dukani lina kipande cha pamba chenye ukubwa wa kiganja, na maelekezo yake hukuambia ukitupe kila mwezi na kuweka kipya. Ukifuata maelekezo hayo, kila mwezi unatupa bakteria wako na kuanza upya. Kwa samaki wachafuzi kama hawa, hilo peke yake linatosha kulikataa.

Machujio ya makopo yanayokaa chini ya meza ni mazuri sana yakiwa na umeme wa uhakika, kwa sababu yanabeba sponji na vipande vya kauri kwa wingi. Lakini kopo limefungwa. Umeme ukikatika saa kadhaa, bakteria waliomo humaliza oksijeni iliyobaki, huanza kufa, na umeme ukirudi pampu husukuma maji yale yaliyooza moja kwa moja tangini. Mwenye kopo lazima, baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu, alifungue na kulisuuza kabla ya kuliwasha, na mara nyingi umeme hurudi saa tisa usiku akiwa amelala.

Kwa nyumba yako ninapendekeza machujio mawili makubwa ya sponji yanayoendeshwa na pampu ya hewa, moja kila upande wa tangi. Viputo vya hewa hupanda ndani ya bomba, huvuta maji kupitia sponji, na vikifika juu hutikisa uso wa maji, hivyo unapata chujio na oksijeni kwa kifaa kimoja. Umeme ukikatika, sponji ipo ndani ya maji ya tangi na bakteria wake hawafungiwi kwenye kopo. Nunua pia pampu ndogo ya hewa inayotumia betri au inayochomekwa kwenye pawabenki. Inatosha kuendesha sponji moja usiku kucha. Pampu kubwa iweke juu zaidi ya usawa wa maji, au uweke kwenye mpira wake valvu ya njia moja, vinginevyo umeme ukizimika maji yanaweza kurudi kwa mpira hadi kwenye pampu na kisha sakafuni.

Kasoro ya sponji ni kwamba haikusanyi vinyesi vikubwa vya samaki hawa. Ukiwa na uwezo, baadaye ongeza chujio la kuning'inia mgongoni mwa tangi, na hapo usome namba kwa uangalifu. Wafugaji wa samaki wa dhahabu hutaka maji ya tangi yapite kwenye chujio mara 6 hadi 10 kwa saa, yaani lita 900 hadi 1,500 kwa tangi lako, lakini namba iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa chujio likiwa tupu, bila sponji wala uchafu, kwa hiyo maji yanayopita nyumbani huwa pungufu ya hapo. Mkondo usimpige yule wa mviringo. Ukimwona anajikunja kona moja siku nzima akipambana na maji, elekeza mdomo wa chujio ukutani.

Mama wa Tabata

Nawashukuru sana, na nimekwisha kumwambia fundi aanze kwa kioo cha milimita 8 na mikanda. Nina maswali matatu yaliyobaki. Kwanza, nimesoma kwamba chujio jipya linahitaji wiki kadhaa kabla halijafanya kazi. Je, samaki wabaki bakulini muda wote huo? Pili, wanangu wameokota makombe na vipande vya matumbawe vilivyotupwa ufukweni, na wanataka kupamba navyo. Tatu, kuhusu huyo mwenye mkia mmoja, hatuna bustani ya kuchimba bwawa, ila tuna veranda yenye kivuli upande wa nyuma.

Mwani

Usiwaache bakulini. Ni kweli kwamba bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, na kama ungekuwa bado hujawa na samaki ningekuambia uliandae tangi tupu kwanza. Lakini wao tayari wapo, na bakuli halina chujio lolote, kwa hiyo kila siku wanayokaa humo ni mbaya kuliko siku ya kwanza katika lita 150. Wahamishe mara tu tangi litakapothibitika kuwa halivuji. Siku hiyo usiwalishe. Wiki za mwanzo walishe mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika moja, na ubadilishe robo ya maji kila siku au kila siku mbili kwa kufuata vipimo vya matone, yaani vile vya kupimia amonia, nitriti na nitrati zilizomo majini. Amonia na nitriti ziwe karibu na sifuri kadiri inavyowezekana. Zikibaki sifuri kwa wiki nzima bila wewe kubadilisha maji kila mara, na nitrati ikaanza kuonekana, chujio limeshika kazi. Baada ya hapo badilisha theluthi moja hadi nusu kwa wiki. Ukimpata mfugaji unayemwamini mwenye samaki wazima, mwombe akukamulie sponji yake ya zamani ndani ya tangi lako. Maji yatachafuka kama ya mfereji kwa saa chache, lakini umeokoa wiki kadhaa.

Maji ya bomba yana klorini ambayo huua bakteria hao na kuunguza mashavu ya samaki. Kuyalaza katika simtanki lililofunikwa husaidia kidogo tu, kwa kuwa klorini huhitaji uso ulio wazi ili ipae. Yamimine kwenye ndoo zilizo wazi kwa siku nzima huku ukiyapulizia hewa, au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa urembo. Dawa ni salama zaidi, kwa sababu pale ambapo maji yametiwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kuyalaza hakusaidii.

Makombe na matumbawe waache wanao wapambe nayo dirishani. Ni chokaa tupu, huyeyuka polepole na kupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi au ubesi wa maji. Samaki wa dhahabu mwenyewe huvumilia maji magumu bila shida, ila pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo na sumu kali huongezeka takriban mara 10, na wewe wiki hizi za mwanzo utakuwa na amonia. Tena makombe yana ncha, na yule wa mviringo hana wepesi wa kukwepa. Mchanga laini uliooshwa, au sakafu tupu ya kioo, ni bora kuliko kokoto ndogo ambazo samaki hawa huzibugia na zikawakwama kooni.

Nyanda za Juu

Kuhusu veranda, tafuta simtanki la lita 500, hata kuukuu, ilimradi halikuwahi kubeba mafuta wala kemikali, na umwambie fundi alikate sehemu ya juu ili mdomo uwe mpana. Linawekwa chini, kivulini muda wote, kwa kuwa plastiki nyeusi ikipigwa na jua hugeuza maji kuwa ya moto. Nalo lina zaidi ya mara mbili na nusu ya maji ya tangi lako hata usipolijaza mpaka juu, na mwembamba wako atapata nafasi ya kukimbia. Chujio ni lilelile la sponji. Ukihamisha moja kati ya mawili kutoka sebuleni siku unayomhamisha yeye, anahama na bakteria wake, na makazi mapya hayaanzi na amonia. Weka wavu juu kwa ajili ya paka na ndege. Mbu watakaotaga humo wasikutie wasiwasi, kwa sababu viluwiluwi vyao ni chakula ambacho samaki huyu hakiachi. Kabla ya kulijaza pima uzito kwanza: lita 400 ni kilo 400, na sakafu ya veranda inayoning'inia nje ya jengo si sawa na sakafu ya chumba, kwa hiyo kama veranda yako iko huko juu ghorofani, mwulize aliyejenga au utafute nafasi chini uani.

Usafi wa sponji nao una utaratibu wake. Usiioshe bombani wala kwa sabuni. Siku ya kubadilisha maji, jaza ndoo kwa maji uliyoyatoa tangini, ikamue sponji humo mara tatu au nne mpaka maji yapite tena kwa urahisi, uirudishe ikiwa bado na rangi yake ya kahawia. Osha moja wiki hii na ya pili wiki inayofuata, na uibadilishe kwa mpya pale tu itakapokuwa imelegea na kuanza kukatika vipande.